Mwenye Ploti

Tiya aliambiwa na Kathambi, muuza ndizi, kwamba ploti yake ya Wabera, mjini Isiolo, inachimbwa.

Ilikuwa Agosti ya 1984, mwaka wa ukame na unga wa njano kutoka ng'ambo. Siku hiyo Tiya alikuwa amerudi kutoka Burat na lita nne tu za maziwa, kutoka kwa wafugaji ambao miaka mingine walimjazia mitungi miwili na kumsihi aongeze. Alikuwa amechuchumaa mahali pake sokoni, anapima kwa kikombe, Kathambi alipoacha ndizi zake bila mtu na kuja mbio.

"Mama Madina, umeanza kujenga na hata hukuniambia?"

"Kujenga nini?"

"Nimepita pale kwa ploti yako sasa hivi. Watu wanachimba msingi. Nikasema, haya, pesa ya mzee imetoka na rafiki yangu ananificha."

"Pesa ya mzee haijatoka," Tiya akasema. "Bado iko Nairobi."

"Basi ni nani anachimba?"

Tiya alimwachia Kathambi maziwa na kikombe. Hakukimbia, kwa sababu mwanamke wa umri wake akikimbia mjini watu humfuata kuona kuna nini. Lakini alitembea kwa kasi hivi kwamba alipofika alikuwa amepoteza kandambili moja na hajui ni wapi.

Ua wa miiba ulikuwa umevutwa kando. Vijana wawili walikuwa wamezama hadi magotini ndani ya mtaro mrefu, na mwanamume mmoja mkubwa wa Kiturkana, Lobokat, ambaye Tiya alimjua kwa sababu alichimba vyoo vya nusu ya mji, alikuwa akibeba mawe na kuyapanga. Mawe yenyewe yalikuwa ya Tiya. Aliyanunua kumi kumi, ishirini ishirini, kwa miaka minane, kila msimu mvua ilipokuwa nzuri na maziwa mengi. Aliyafunika kwa magunia ili watoto wasiyachukue. Magunia yalikuwa yametupwa.

"Lobokat! Weka chini jiwe langu!"

Lobokat aliliweka taratibu. "Mama, mimi ni kibarua tu. Nimeambiwa chimba, nachimba."

"Nani amekuambia?"

"Abdillahi. Anasema anajenga stoo ya mahindi."

Abdillahi mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka lake la jumla. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kanzu isiyo na doa na sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Alivuka barabara, mikono nyuma.

"Salaam aleikum, Mama Madina."

"Abdillahi, hapa ni kwangu."

"Ongea na mzee wako, mama."

"Nimesema hapa ni kwangu!"

"Nimesikia. Na mimi nina barua ya ploti hii nyumbani kwangu, ina jina la Halkano Yattani. Sijaona barua yenye jina lako." Akainama kidogo, kwa heshima. "Mimi siwezi kuja katikati ya mtu na mke wake. Ongea na mzee wako."

*

Halkano Yattani alikuwa amestaafu Desemba, baada ya miaka ishirini na nane ya kuchanja ng'ombe katika idara ya mifugo. Alikuwa amechanja ng'ombe wa karibu kila ukoo kati ya Isiolo na Merti, na watu walimwita Sindano hata mbele yake. Wenzake walimnywesha chai, wakampa saa ya ukutani, na karani akamwambia kiinua mgongo chake kitakuja kwa hundi, asubiri.

Tangu hapo Tiya alikuwa akiuliza kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi Halkano alijibu kwamba Nairobi hawajatuma. Yeye mwenyewe alishinda mbali na nyumba kwa wiki nzima nzima. Alisema anamsaidia binamu yake Dima kuchunga, maana ukame ulikuwa mkali na Dima hana watu. Tiya alimfungia unga kila alipoondoka.

Alimkuta ameketi mlangoni anatengeneza mkanda wa redio. Madina, binti yao, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa ndani akisahihisha madaftari.

"Barua ya ploti iko wapi?" Tiya akauliza.

Halkano hakuinua kichwa. "Kwa sanduku."

"Haipo kwa sanduku. Iko kwa Abdillahi, ameniambia mwenyewe mbele ya vibarua. Nakuuliza imefikaje huko."

Madina alitokea mlangoni, kalamu mkononi.

"Ilitoka Aprili," Halkano akasema.

"Barua?"

"Hundi."

Tiya alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Aprili. Mei, Juni, Julai, Agosti. Alihesabu miezi kwa vidole kama mtoto. Miezi mitano alikuwa anakoroga uji wa unga wa njano usio na sukari, anamwekea mumewe kikombe kikubwa, anamwambia vumilia, Mungu yupo, pesa itakuja.

"Ngapi?"

"Elfu arobaini na moja na mia sita."

"Ziko wapi?"

"Nilinunua ng'ombe."

Madina alimwita baba yake, "Abo!"

"Mia na nne," Halkano akaendelea, sasa haraka, kama mtu anayetapika. "Bei ilikuwa chini, Mama Madina. Shilingi mia nne ng'ombe mmoja! Mtu wa Garba Tula alikuwa anauza huku analia. Mvua ikinyesha tu, huyo huyo anauzwa elfu moja na mia tano, elfu moja na mia sita. Nilipiga hesabu. Hata Abdillahi alisema hesabu ni nzuri."

Hesabu ilikuwa nzuri kweli. Kilichokosekana ndani yake ni mvua. Ya Aprili haikunyesha, ya Mei haikunyesha, na ng'ombe waliokuwa wamekonda wakati wa kununuliwa walianza kulala na kushindwa kuinuka. Halkano aliwapeleka miguuni mwa milima ya Meru, ambako mwenye malisho alitaka kulipwa kwa kichwa. Pesa ilikuwa imekwisha. Ndipo alipochukua elfu kumi na mbili kwa Abdillahi za malisho na za lori la maji, akamwachia barua ya ploti hadi mwisho wa Julai.

"Wamebaki wangapi?" Tiya akauliza.

"Tisa."

"Tisini na tano wamekufa."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu wa dawa ya ng'ombe. Miaka ishirini na nane unaona ng'ombe wakifa. Kama si ugonjwa ni njaa, kama si njaa ni majambazi. Mimi nilisema nini? Nilisema tujenge vyumba vinne tupangishe. Chumba hakinywi maji. Chumba hakikondi. Askari wa kambi wanatafuta nyumba, manesi wanatafuta nyumba. Kila mwezi tunapata kitu kidogo mpaka tufe. Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo ningekataa! Kuulizwa ni ya nini basi?"

Halkano alitupa mkanda wa redio chini. Alikuwa amengoja kukasirika, na sasa hasira ikamjia kama msaada. "Wewe hujui ni nini! Miaka ishirini na nane nashika mkia wa ng'ombe wa watu! Mwanamume anakuja na ng'ombe mia mbili, hajui hata kuandika jina lake, ananiambia, 'Wee Sindano, fanya haraka.' Wa baba yangu waliisha wakati wa vita vya shifta, hakubaki hata ndama. Mborana bila ng'ombe ni mtu gani? Nilitaka mara moja tu, mara moja kabla sijafa, niende kisimani na wangu."

Kama angeishia hapo, huenda Tiya angemhurumia, kwa kuwa yeye pia alikumbuka ng'ombe wale walioisha. Lakini Halkano aliongeza, "Na ploti ni ya nyumba hii. Jina ni langu."

Tiya aliinuka. Aliingia ndani akatoa mkeka wa mumewe, blanketi lake na saa ya ukutani aliyopewa na idara, akavipanga nje kwa utulivu, kimoja juu ya kingine.

"Nenda ukalale na wale tisa," akasema.

*

Ijumaa baada ya sala ya alasiri wazee watano waliketi kwenye baraza ya msikiti kusikiliza maneno hayo. Dima, binamu ya Halkano, alikuwa mmoja wao. Sheikh aliketi katikati. Alikuwa mzee mpole, na kila mtu pale alijua kwamba tangi jipya la maji ya kutawadha, lililosimama nyuma ya ukuta, lilinunuliwa na Abdillahi.

Wanawake waliwekewa mkeka chini ya ngazi. Tiya alikataa kukaa huko. Alisimama kwenye ngazi ya juu, Madina upande mmoja na Kathambi upande wa pili.

Abdillahi alizungumza kwanza na kwa kifupi. Alimkopesha ndugu yake Muislamu siku ya shida. Hakumtoza riba hata senti. Walikubaliana mwisho wa Julai, na Julai imepita. "Sina ubaya na mtu," akasema. "Nataka haki yangu tu."

"Hukutaka riba," Tiya akasema, "ulitaka ploti. Elfu kumi na mbili kwa ploti ya elfu thelathini. Riba ni nini zaidi ya hiyo?"

"Mama, ngoja upewe nafasi," Dima akamkemea.

"Basi nipeni. Sheikh, nauliza swali moja. Mali ambayo mwanamke ameichuma kwa jasho lake ni ya nani? Ni ya mume?"

Sheikh alipapasa ndevu. "Ni yake. Dini iko wazi. Mume hana ruhusa kuigusa ila kwa ridhaa yake."

"Haya." Tiya alifungua kitambaa akatoa kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo karatasi zilizokunjwa hadi zikawa laini kama nguo. Halkano aliposaka sandukuni alichukua barua akaacha karatasi hizi, akidhani ni takataka. "Hizi ni risiti za mawe. Hii ni ya pesa ya kwanza ya ploti, mwaka wa sabini na sita. Jina ni lake kwa sababu karani aliniuliza mwenye nyumba ni nani, na mimi nikamtaja kwa heshima. Pesa ilitoka kwa chama chetu cha kuchangiana. Kathambi alikuwa mweka hazina, twendeni kwa daftari yake."

Kathambi alianza kusoma tarehe, lakini mzee mmoja aliinua mkono. "Huyu mama ni Mkristo. Na ni mwanamke mmoja. Huo ushahidi tunaupima vipi?"

"Mimi sipimwi, mzee," Kathambi akasema. "Ni pesa inapimwa. Mia tisa, zamu ya Tiya, nilimpatia mkononi na tukaenda ofisi pamoja tukalipa. Kama unataka mwanamume wa kusema hivyo, huyo hapo mume wake. Mwulizeni."

Wote walimgeukia Halkano. Alikuwa ameketi nyuma ya nguzo, nguo zake zikinuka moshi wa mahali alipokuwa akilala.

"Halkano," Sheikh akasema, "uliweka rehani mali yako, au ya mke wako?"

Tiya alimtazama. Alikuwa na hakika. Kwa yote aliyofanya, hakuwahi kumsikia mtu huyu akidanganya mbele ya msikiti.

Halkano alitazama mikono yake. Aliona macho ya Dima, macho ya wazee, na macho ya vijana waliojifanya wanatawadha. Akisema ni ya mkewe, basi yeye ni mwizi. Akisema ni yake, ni mwongo.

"Nyumba ni moja," akasema.

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana maneno hayo yalikuwa laini na hayakuumiza mtu yeyote aliyeketi pale. Walishauriana kwa sauti ya chini. Kisha Sheikh akatoa uamuzi bila kumtazama Tiya. Deni ni deni. Nyumba ya Halkano ipewe miezi miwili kulipa elfu kumi na mbili. Ikishindwa, ploti iende kwa Abdillahi na mawe yalipwe kwa bei ya haki.

"Kwa hiyo mimi nilipe," Tiya akasema. "Pesa sikuiona. Ng'ombe sikuwaona hata mkia. Sikuitwa siku ya kukopa, naitwa siku ya kulipa. Lita moja nauza shilingi nne, na kuna siku sina lita moja. Elfu kumi na mbili kwa miezi miwili! Sheikh, umesema dini iko wazi. Imefungwa na nani sasa hivi?"

"Mwanamke, chunga ulimi!"

"Nimeuchunga miaka ishirini na nane," akasema, akashuka ngazi. Alipopita kando ya lile tangi alilipiga kwa kiganja, likavuma, na wanaume waliokuwa wakitawadha wakaruka.

*

Jumatatu asubuhi Lobokat na vijana wake walirudi kuchimba. Kati ya ile miezi miwili hazijapita hata siku tatu, lakini Abdillahi aliwaambia watu kwamba msingi si nyumba, na kama Halkano akilipa, si atakuwa amepata msingi wa bure? Alileta saruji mifuko kumi na mchanga lori moja.

Tiya alifika wakati wanachanganya zege. Hakusema na mtu. Aliingia mtaroni, akaketi, akafunika kichwa kwa shuka lake, miguu ameinyoosha pale hasa zege lilipotakiwa kumwagwa.

"Mama, toka," Lobokat akasema.

"Mwaga."

"Mama, hii ni zege."

"Najua ni zege. Mwaga. Ikikauka, andikeni juu yake ni ya nani."

Jua lilipanda. Watu walikusanyika, kwanza watoto, kisha wanawake waliokuwa wanakwenda kuchota maji, kisha watu wazima wasio na kazi, na mwaka huo walikuwa wengi. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua maziwa kwake kila siku alisema kwa sauti, "Haya ni aibu. Mama mzima!" Kathambi alileta maji kwenye birika, na aliposikia hayo alimgeukia yule mwanamke akamwambia alipe kwanza deni lake la maziwa la tangu Ramadhani ndipo azungumze habari ya aibu. Madina alikuja akateremka mtaroni akakaa karibu na mama yake, akiwa na viatu vyake vya kufundishia.

"Ayo, twende nyumbani. Mimi nitachukua mkopo."

"Hutachukua kitu. Wewe nunua ploti yako ukiwa na miaka hii. Usingoje kama mimi, na usimpe mtu barua akuwekee."

Zege lilianza kukauka kwenye karai. Abdillahi alivuka barabara. Kwa mara ya kwanza kanzu yake ilikuwa na vumbi.

"Lobokat, mwaga upande ule mwingine."

Lobokat alisimika koleo lake ardhini. "Bosi, mimi nimechimba vyoo, nimechimba makaburi. Kumwagia mtu mzima zege, hiyo sijafanya. Nilipe ya leo nusu, niende."

Watu walicheka tena, na safari hii si Tiya waliyemcheka. Abdillahi alijua sauti ya kicheko inavyogeuka katika mji mdogo. Akamwita kijana wake wa dukani. "Nenda kaniletee Halkano. Mwambie aje amtoe mke wake kwa ploti yangu."

Halkano alikuja baada ya saa nzima. Umati ulimfungulia njia. Alisimama ukingoni mwa mtaro. Chini yake alikuwa mkewe, amekaa juu ya udongo, midomo imepasuka kwa jua, na hakuinua uso kumtazama. Kama angemtukana, angejua la kufanya.

"Halkano," Abdillahi akasema, "huyu ni mke wako ama si wako? Mtoe. Mwanamume hawezi kushindwa na mke wake mbele ya watu."

Halkano alivua kofia yake. Alikuwa mrefu, na wakati huo alionekana kama mtu asiyejua aweke wapi urefu wake.

"Siwezi kumtoa," akasema. "Yuko kwake."

"Unasema nini?"

"Ploti si yangu. Nilijua si yangu siku niliyokupa barua. Ijumaa nilisema nyumba ni moja. Niliogopa. Ni ya Tiya, aliinunua na maziwa, sikutoa hata shilingi."

Abdillahi alimsogelea, na sauti yake, ile isiyopanda, ikapanda. "Basi umenidanganya! Umekula elfu kumi na mbili zangu kwa mali ya wizi! Hii ni polisi!"

"Ndiyo," Halkano akasema. "Twende polisi. Niko tayari."

Abdillahi alirudi nyuma hatua moja. Mtu aliye jela halipi. Na polisi wangetaka kuiona barua, na kuuliza ni duka gani lililotoa mkopo, na kwa maandishi gani. Alitazama umati, ambamo wengi walikuwa wateja wake, na baadhi yao walikuwa na barua zao kwenye sanduku lake. Alifanya hesabu haraka, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kufikia jioni walikubaliana mbele ya Sheikh. Abdillahi alirudisha barua, akachukua ng'ombe tisa kwa shilingi mia mbili mmoja. Elfu kumi na mia mbili zilizobaki zingekatwa kwenye pensheni ya Halkano, mia tatu kila mwezi kati ya mia nne na kumi alizopewa na serikali, hadi ziishe. Madina aliandika karatasi. Alipofika mahali pa jina la mwenye ploti, aliandika jina la mama yake lote, la baba na la babu, kwa herufi kubwa.

Usiku huo Halkano alirudisha mkeka wake ndani. Tiya hakumzuia, wala hakumkaribisha. Halkano alikuwa ametegemea neno. Alikuwa kama amejivua nguo mbele ya mji mzima, na moyoni alidhani jambo kama hilo lina malipo yake.

"Nilisema ukweli," akasema gizani.

"Ulisema Jumatatu," Tiya akajibu. "Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake."

*

Mvua ilinyesha Oktoba, na kwa wingi. Nyasi ziliota hadi kwenye paa la stoo ya zamani ya Abdillahi. Wale ng'ombe tisa walinenepa, na alipowauza kila mmoja alileta zaidi ya elfu moja na nusu. Halkano alipata habari hizo kutoka kwa Dima, aliyempa akicheka. Hakula siku hiyo.

Deni lilichukua miezi thelathini na nne. Kila mwisho wa mwezi Halkano alipanga foleni kwenye dirisha la pensheni, akapokea pesa yake, na kijana wa duka la Abdillahi alikuwa amesimama nje anangoja mia tatu. Vijana wa idara waliopita walimsalimu, "Sindano, habari ya ng'ombe?" Tiya alirudi Burat na mitungi yake. Kwa maziwa na kwa zamu mbili za chama alisimamisha chumba kimoja mwaka wa themanini na tano, na cha pili mwaka uliofuata, vya mawe, mabati juu. Kimoja alipanga nesi, kingine koplo wa kambi. Hakukopa. Wenyewe waliendelea kuishi katika nyumba ile ile ya udongo, na kila mara koplo alipolipa kodi, Tiya alipeleka sehemu ya pesa hiyo posta, kwenye kitabu cha akiba ambacho Halkano hakujua kinafichwa wapi.

Julai ya 1987 Halkano alirudi nyumbani na pensheni nzima kwa mara ya kwanza. Aliketi mkekani, akaziweka noti mbele ya mkewe, mia nne na kumi, akazinyoosha.

"Zimekamilika," akasema. Halafu akaongeza, "Dima anasema kuna mbuzi kule Kinna. Ni rahisi sana. Kumi tu, si lazima..."

Tiya alimtazama hadi sentensi ikafa yenyewe. Alichukua zile noti zote. Akahesabu shilingi ishirini, akamrudishia.

Uso wa Halkano ulikunjamana. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. "Nimefanya kazi ya serikali miaka ishirini na nane," akasema. "Miaka ishirini na nane, Mama Madina. Ili mke wangu anipe shilingi ishirini?"

"Na mimi miaka hiyo hiyo nimekwenda Burat kwa miguu, kwenda na kurudi, nikiwa na mimba na bila mimba," Tiya akasema. "Ulikuwa umepanga kunipa ngapi?"

Kuku aliingia, akazunguka, akatoka. Tiya alifunga pesa kwenye ncha ya leso, akajitwika mtungi, akasimama mlangoni akingoja. Alipoona jibu haliji alisema, bila kupaza sauti, "Nitakuuliza tena kesho," akaenda zake.